Karavani na Mvua Tuliyoiomba

Baba, yaani bosi wangu, alipoingiza karavani uani, madam alitoka mlangoni, akaitazama kutoka magurudumu hadi paa, akarudi ndani bila neno. Nikabaki mimi na ufagio wangu, na kwa kuwa baba alikuwa amesimama pale anangoja sifa, nikampa. "Mashallah, baba, mashallah!" Moyoni najiuliza nani ataliosha dude hilo. Swali la bure, maana jibu nilikuwa nalo.

Kwa asiyeijua, karavani ni nyumba ya kukokotwa na gari. Ina vitanda, jiko la gesi, choo cha kuingilia kwa kujikunja, na makabati ambayo usipoyafunga sawasawa, mkifika ukiyafungua sahani zinakushukia kichwani. Tulikuwa tukikaa Al-Rawdah, Jeddah, nami ndimi niliyekuwa mpishi na mlezi wa watoto wa nyumba ile. Tangu siku hiyo nikawa pia mtu wa kufunga makabati.

Nia ya baba ilikuwa nzuri, sitamsema vibaya. Alisema nchi yao ina sherehe kila msimu na wao wamekaa tu Jeddah wakizunguka madukani. Taif kuna mawaridi, milima ya kusini kuna ukungu wakati huku kwetu jua linachoma, Qassim kuna tende zinapoiva, Riyadh kuna mataa na michezo wakati wa baridi. Tutakwenda kote, akasema. Watoto wakapiga kelele za furaha, madam akauliza choo kitamwagwa na nani.

Safari ya kwanza ilikuwa Taif, na ilikuwa kichekesho. Baba aliona tangazo la sherehe ya mawaridi, akatupakia. Tulipofika, sherehe ilikuwapo kweli: mahema, muziki, maua yametandazwa chini kama zulia. Lakini waridi lenyewe la Taif, lile la kunukia, lilikuwa limeshachumwa na kuchemshwa zamani. Madam aliyetoka Jeddah kwenda kunusa waridi akanusa nyama choma. Akanigeukia mimi: "Na wewe kwa nini hukutwambia?"

Ebo! Mimi mtoto wa Majengo, Mombasa, na mawaridi ya Taif wapi na wapi? Lakini swali lile lilinikaa. Nilikuwa na shoga yangu wa Likoni anayefanya kazi Taif, katika nyumba yenye shamba. Nikamtumia sauti kwa simu. Alinicheka hadi akakohoa. Akasema waridi halingoji sherehe ya mtu, mwakani tuje mapema zaidi, na tuwe shambani alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu ndipo linapochumwa.

Basi tangu hapo, kila baba alipotaja safari, madam alikuwa akiniuliza, "Marafiki zako wanasemaje?" Maana sisi tulioajiriwa majumbani tumetapakaa nchi nzima, na kazi yetu ya pili baada ya kazi ni kutumiana sauti. Msinione fundi, lakini. Shoga mwingine wa Qassim alinihakikishia tende zimeiva, tukaenda mwendo wote ule, kumbe zilizoiva ni za mti mmoja wa uani kwa madam wake. Tulikaa tukitazama tende za kijani mpaka baba akacheka mwenyewe. Madam hakucheka.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni mwangu wakati huo wote, maana safari kwangu haikuwa maua wala tende.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Mama alikuwa akienda kuuza viazi karai, mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwa leso mpaka akaanza kunizidi uzito. Nilipokuja Jeddah nilimwacha msichana wa shule. Baadaye naye akapata kazi, akaletwa huku huku, lakini Riyadh. Watu wa nyumbani wakafurahi wakisema sasa mko pamoja. Pamoja gani? Kutoka Jeddah hadi Riyadh ni safari ya kutwa nzima kwa gari, na sisi tunaolala kazini hatuna kutwa nzima. Alikuwa anakaribia kumaliza mkataba wake na hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Kisha akaposwa. Akimaliza mkataba arudi Mombasa, afunge Ramadhani kwao, na Mfungo Mosi, baada ya Idi, aolewe. Mimi mkataba wangu nilikuwa nimeshautia saini upya, likizo hakuna mpaka mwaka wa pili. Alinieleza hayo kwa simu huku anacheka, nami nikapiga vigelegele jikoni hadi watoto wakaja mbio. Nilipokata simu nililia. Harusi ya mtoto niliyemlea mwenyewe, niione kwenye kioo cha simu!

"Na nani atakusinga?" nilimuuliza siku ya pili.

Kwetu pwani bi harusi husingwa. Singo ni mchanganyiko wa maua na viungo vilivyosagwa, anasuguliwa nao mwili mzima mpaka ngozi inakuwa laini na yeye ananukia kabla hata ya kutiwa udi. Kuna masomo, makungwi wa kulipwa, lakini mimi nilikuwa nimemwahidi tangu angali mdogo kwamba mikono itakayomsinga ni hii. Akasema, "Si utanisinga kwa video, dada?" Akacheka peke yake.

Nikaapa wallahi nitamsinga, na nitamsinga hapa hapa Saudia, kabla hajapanda ndege. Najua singo ni ya siku za mwisho kabla ya harusi. Mwenye kutaka kunifundisha mila anitafute. Yangu ilikuwa ya mapema, ndiyo hiyo tu niliyoweza.

Msimu wa waridi uliofuata tulifika Taif kwa wakati, alfajiri, na wanawake wa shamba wakanipa waridi la kujaza chano. Nililikausha kwenye karavani njia nzima ya kurudi. Madam alisema sasa hata soksi za baba zinanukia. Ijumaa moja nikaenda Ghulail, kwenye maduka ya watu wetu, nikapata liwa, karafuu na vikorokoro vingine. Asmini sikupata, nikasema waridi la Taif litafanya kazi ya wawili. Nikasaga, nikatia kwenye kopo la kahawa, nikalifunga.

Ikabaki safari ya Riyadh. Nilimwambia madam waziwazi, huku nachambua kuku: nina mdogo wangu Riyadh, anaolewa, nataka kumwona kabla hajaondoka. Akasema inshallah. Na inshallah ya madam ina sauti mbili. Ikipanda ni ndiyo, ikishuka ni nenda kalale. Ile ilibaki katikati.

Basi nikaanza kupalilia. Watoto wakila, nawasimulia mataa ya Riyadh wakati wa baridi, bembea zake, magari ya kugongana. Nilikuwa sijayaona, lakini mdogo wangu alikuwa akinitumia picha. Watoto wakampelekea baba, baba akampelekea madam, na madam akanitazama juu ya miwani kama anayejua moshi umetoka kwenye jiko gani. "Haya," akasema, "Riyadh." Na baba mwenyewe akaahidi: siku ya pili baada ya kufika, atanishusha mlangoni kwa mdogo wangu asubuhi, wao waende kwenye sherehe yao, waje kunichukua Magharibi. Madam wa Riyadh alipigiwa simu, akakubali. Mchana ule baba alipata paja la kuku na shingo juu yake.

Tukaondoka likizo ya baridi. Tulipanda milima ya Taif karavani ikigugumia nyuma, tukaingia nchi tambarare isiyokwisha, tukalala njiani, tukaamka tena. Kopo la singo nililipakata mapajani. Watoto waliniuliza kama ni biskuti, nikasema ni dawa ya watoto wakorofi.

Tulipoanza kukaribia Riyadh, mbingu ya mbele ikawa nyeusi. Simu ikaingia, ni mdogo wangu. Sauti ya chini, kama anayejificha jikoni: "Dada, huku mambo yanabadilika. Madam anasema labda kesho na sisi tutaenda kwenye sherehe, na lazima niende nishike mtoto. Sitakuwapo nyumbani."

Nikatazama lile wingu, nikapata akili. "Sikiza," nikamwambia, "omba mvua. Mvua ikinyesha watu watakaa ndani. Omba kwa moyo, nami naomba huku."

Nani angenilaumu? Mombasa mvua ikinyesha mtu hatoki. Jeddah ndiyo usiseme: barabara zinageuka mito, shule zinafungwa, kila mtu yuko dirishani. Naye mdogo wangu alikuwa hajaona mvua ya maana Riyadh, misimu yake yote ilikuwa ni matone ya kuchafua vioo. Basi akaomba, nami nikaomba na kopo langu mapajani, kwa kila dua niliyofundishwa chuoni.

Mwenyezi Mungu akajibu papo hapo. Ilishuka mvua, jamani! Vifuta vioo vilishindwa. Nikapiga paja kwa furaha, nikasema alhamdulillahi. Baba naye akasema alhamdulillahi. Akateremsha kioo, akatoa mkono nje, akaulowesha, akajipaka usoni. Madam akateremsha chake. Watoto wakatoa vichwa. Nikashangaa, mbona watu hawa wanafurahi kuliko mimi? Kisha simu ya baba ikaanza kulia, ikakatika, ikalia tena, ndugu na marafiki, wote wanapiga kelele. Baba akapiga usukani kofi. "Yalla! Bonde limejaa maji!"

Nikajifunza siku ile jambo ambalo hakuna shoga aliyekuwa amenambia. Watu wa Riyadh mvua ndiyo sherehe yao kubwa. Haina tangazo, haina tarehe. Ikinyesha tu, mji unahamia jangwani na mahema, kuni na mabirika ya kahawa, kwenda kutazama maji yametuama juu ya mchanga na majani yakichipua. Sisi tunaikimbia mvua, wao wanaikimbilia. Nilikuwa nimepanga safari zote kwa misimu na sherehe, na hii moja nikaiomba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Baba akashika barabara ya kuuzunguka mji. Nikaona majumba ya Riyadh yanapita kando, yanarudi nyuma. "Baba, na mdogo wangu?"

"Baadaye, inshallah." Ilishuka.

Na hapo hapo simu: "Dada, tunafunga mahema! Nimeambiwa nipike vyakula vya kubeba. Wote wanakwenda kuona maji." Akavuta kamasi. "Dada, tuliomba nini sisi?"

Tulifika bondeni, tukaegesha, kukakucha asubuhi nzuri kupita kiasi, na mimi nimenuna. Nikinuna mimi hata sufuria zinajua. Nikapika chai, nikampelekea baba kwenye zulia nje. Akapiga funda, akakunja uso.

"Sukari?"

"Mafi." Ndiyo hakuna, kwa Kiarabu chetu cha jikoni.

"Kuna kilo nzima kabatini."

"Mafi, baba. Dada mafi, sukari mafi, halas!"

Nikajiambia leo nimejikatia tiketi ya kwenda kwetu. Kisha madam akaanza kucheka, akacheka mpaka shela ikamteleza, na mimi badala ya kucheka nikaangua kilio pale pale na birika mkononi. Madam akaacha kucheka. Akaninyang'anya birika. "Wamekwenda wapi hao watu wa mdogo wako?"

"Sijui. Amesema kwenye maji."

Baba akanyoosha mkono mbele. "Maji si ndiyo haya?"

Nilikuwa sijainua macho tangu tufike. Ziwa zima lilikuwa limelala jangwani, linameremeta, na kando yake mahema, magari na moshi wa kuni hadi macho yanapoishia. Riyadh yote ilikuwa pale. Kwa hiyo mdogo wangu naye alikuwa pale. Lakini upande upi? Nikapiga simu, hakuna mtandao, watu wamekuwa wengi mno. Madam akajaribu yake, hakuna.

Ndipo nilipokumbuka leso. Nilipoondoka Mombasa tulinunua doti moja ya kisutu, ile leso nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, tukaikata. Moja nilichukua mimi, moja nikamwachia, nikimwambia siku ya harusi yake zitaunganishwa. Nikaitoa sandukuni. "Baba," nikasema, "hii iende juu."

Mungu ambariki yule mtu. Alipandisha kanzu, akapanda ngazi ya nyuma ya karavani, akaifunga leso kwenye mti wa hema, akausimika juu ya paa. Upepo ukaishika. Jirani akampigia kelele kumuuliza ametangaza nchi gani.

Nikangoja. Siwezi kungoja mikono mitupu, nikakanda unga, nikakaanga mahamri. Harufu ikaleta dereva mmoja Mkenya, akasimama mlangoni anatabasamu. "Sista, hii ni hoteli?"

"Si hoteli, namngoja mdogo wangu." Nikampa mawili, akaondoka anatafuna. Adhuhuri ikapita. Tukala, nikaosha vyombo, nikaanza kujiambia kwamba nimefanya niliyoweza, na kujiambia hivyo hakukunisaidia hata kidogo.

Nilimsikia kabla ya kumwona. "Dadaaa!" Anakuja kando ya maji, mbio, ndara mkononi, matope hadi magotini, na mtoto wa madam wake anarukaruka mgongoni amefungwa kwa leso. Leso ile ile, nusu yake. Nyuma yake madam wake, mama mnene, ameshika abaya kwa mikono miwili, anapiga kelele mtoto wangu, mtoto wangu! Mdogo wangu alikuwa ameinama ziwani anasuuza masufuria, akainua kichwa akaiona kisutu juu ya paa la watu. Masufuria aliyaacha huko huko.

Sikumbuki nilivyoshuka vile vidato. Nakumbuka tumeshikana, mtoto wa watu katikati anatuvuta masikio. Alikuwa amekuwa mrefu kuliko mimi! Nani alimruhusu?

Yule madam alipofika anahema, baba akawahi: "Karibuni kahawa, karibuni!" Na huku mtu akikaribishwa kahawa jangwani haondoki upesi. Kuna kahawa, kuna tende, kuna chai, kuna habari za mvua. Madam wangu akampokea mdogo wangu mtoto, akaniambia kwa kichwa tu: ingia ndani.

Nilimlaza mdogo wangu kitandani kwa watoto, nikafungua kopo. Waridi la Taif likajaza karavani. "Dada, umelitoa wapi?" Nikasema nyamaza, bi harusi hasemi. Nikachanganya singo na maji ya waridi, nikaanza mkono wa kulia.

Nilikuwa na maneno ya miaka. Nilitaka kumuuliza habari za huyo mume, mama zake wakoje, nyumba wataishi wapi. Nilitaka kumpa yale ambayo dada humpa mdogo wake akiolewa, mengine ya kusemwa kwa kunong'ona. Nikaona niyapange vizuri, nianze na lipi. Nilipofika mkono wa kushoto nikasikia pumzi zimebadilika. Amelala. Mdomo wazi, kama alivyokuwa akinilalia mgongoni. Msichana alikuwa hajalala tangu mvua ilipoanza, anapika na kufunga mahema.

Madam wake akachungulia. "Nimwamshe?"

"Mwache, madam."

Nikaendelea kumsinga. Mabega, mgongo, miguu ile yenye matope niliyokwisha kuiosha, nyayo zilizopasuka kwa kusimama kwenye vigae vya watu. Hapo nyayoni nililia kidogo, nisiseme uongo, singo ikapata maji zaidi. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na furaha iliyonijaa mpaka ikakosa mahali. Nje nilimsikia baba anawasimulia wageni jinsi nilivyomnyima sukari, na wote wanacheka.

Jua likaanza kushuka, honi ikalia. Mdogo wangu akashtuka, akakurupuka, "Naja, madam, naja!" Kisha akaniona. Akatazama dirishani, akaona mchana umekwisha, uso ukamvunjika.

"Dada! Mbona hukuniamsha? Hatujaongea hata kidogo!"

"Tumeongea sana," nikamwambia. "Wewe ulikuwa unakoroma, mimi najibu."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Akanusa mkono wake, akanusa na wa pili. Nikapanda mwenyewe ngazi ya nyuma, nikaifungua leso, nikampa nusu yangu ili zikaunganishwe kama tulivyosema. Akamfunga mtoto wa watu mgongoni kwa zote mbili, akaenda, anageuka, anapunga, anageuka tena.

Nilipoacha kumwona nilirudi jikoni, nikampikia baba chai nyingine, sukari vijiko viwili zaidi. Mikono sikuwa nimeiosha. Baba akaonja, akanusa gilasi, akaona chai yote inanukia waridi, akainywa hadi chini.